Mkojo wa Askari si Hati ya Mashtaka

Nchi inayowapeleka vijana wake vitani hujitwika deni lisilolipwa kwa magwaride na medali. Marekani inaufahamu ukubwa wa deni hilo kuliko nchi nyingi. Wizara yake ya Mambo ya Askari Wastaafu inaendesha hospitali zipatazo 170 na zahanati zaidi ya elfu moja, na waliojiandikisha kutibiwa humo ni kiasi cha watu milioni tisa. Wengi wao wanaishi na maumivu yasiyokwisha: migongo iliyochakazwa na mizigo, magoti yaliyosagika, mishipa iliyokatwa na mabomu ya kutegwa, vichwa vilivyotikiswa na milipuko. Katika kuyatibu maumivu hayo Serikali ya nchi hiyo imekwenda mrama mara mbili katika muda usiozidi miaka ishirini. Kwanza kwa kugawa dawa bila kiasi, kisha, katika hospitali nyingi, kwa kuzinyang'anya bila simile. Na katika zamu hii ya pili kikombe cha mkojo kimepewa kazi ambayo hakikuumbiwa.

Haifai kusahau jinsi mambo yalivyoanza. Mwaka 1999 Wizara hiyo iliagiza kwamba maumivu yapimwe kila mgonjwa anapoonwa, yahesabiwe kuwa dalili ya tano pamoja na joto la mwili, mapigo ya moyo, pumzi na msukumo wa damu. Nia ilikuwa njema. Lakini katika miaka hiyo hiyo kampuni ya Purdue Pharma, iliyoanza kuuza vidonge vya OxyContin mwaka 1996, ilikuwa ikiwashawishi madaktari wa nchi nzima kwamba hatari ya mtu kuzoea dawa hiyo ilikuwa ndogo. Mwaka 2007 kampuni yenye uhusiano na Purdue ilikiri mahakamani kosa la kuitangaza dawa hiyo kwa udanganyifu, na malipo yaliyotozwa kwa jumla yalizidi dola milioni 600. Mwaka 2020 Purdue yenyewe ilikiri makosa mengine ya jinai. Faida iliyopatikana katikati ya miaka hiyo ilikuwa kubwa mno kuliko faini ya kwanza, na hapana shaka wenye mali walikwisha kuipiga hesabu hiyo.

Ndipo wakarudi majeruhi wa Afghanistan na Irak. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba askari wa vita hivyo waliokuwa na majeraha ya akili walipewa dawa za jamii ya afyuni kwa wingi zaidi kuliko wenzao wasio na majeraha hayo, ingawa wao ndio waliokuwa hatarini zaidi. Huko Tomah, katika jimbo la Wisconsin, hospitali ya askari wastaafu ilipachikwa jina la utani la Nchi ya Peremende kwa jinsi vidonge vilivyotolewa. Mwaka 2014 askari wa zamani wa jeshi la majini aliyekuwa na umri wa miaka 35, Jason Simcakoski, alifariki dunia humo akiwa mgonjwa aliyelazwa, kutokana na mchanganyiko wa dawa alizopewa. Sheria yenye jina lake ilitiwa sahihi mwaka 2016.

Marekebisho yalikwisha kuanza kabla ya sheria hiyo. Mwaka 2013 Wizara ilianzisha mpango wa usalama wa dawa za afyuni katika hospitali zake zote. Mwaka 2014 ikaagiza kwamba mgonjwa wa muda mrefu aelezwe kwa maandishi hatari za dawa hizo na akubali kwa sahihi yake. Mgonjwa wa aina hiyo akatakiwa kupimwa mkojo, kwa kawaida angalau mara moja kwa mwaka, na daktari akatakiwa kuangalia daftari la jimbo linaloonyesha dawa alizochukua kwingine. Aidha, naloksoni, dawa inayomzindua mtu aliyezidiwa na afyuni, ikaanza kugawiwa bure. Baina ya mwaka 2012 na 2020 idadi ya askari wastaafu wanaopewa dawa za afyuni ilipungua kwa asilimia 64.

Kazi hiyo inastahili sifa. Sayansi pia iliiunga mkono. Jaribio lililofanywa katika hospitali za Wizara huko Minneapolis, likatangazwa mwaka 2018, liliwafuata wagonjwa 240 wenye maumivu ya mgongo, nyonga au goti kwa miezi kumi na miwili, na likaonyesha kwamba waliotumia dawa za afyuni hawakupata nafuu zaidi ya waliotumia dawa za kawaida. Kwa mgonjwa mpya, basi, hoja ni rahisi: asianzishwe njia hiyo pasipo sababu kubwa. Taabu ipo kwa yule aliyekwisha kuanzishwa na Serikali hiyo hiyo, akameza vidonge kwa miaka kumi kwa amri ya daktari, na ambaye mwili wake sasa haujui kuishi bila hivyo.

Huyo ndiye anayekabidhiwa kikombe. Kwake kikombe hicho si kitu kigeni. Mwezi Juni 1971 Rais Nixon aliagiza askari wote wanaoondoka Vietnam wapimwe mkojo, na aliyekutwa na heroini akazuiliwa kwanza asipande ndege mpaka atakaswe. Taifa zima liliogopa kwamba jeshi la walevi lilikuwa linarejea nyumbani. Mtaalamu Lee Robins wa St. Louis aliwafuatilia askari hao, akakuta kwamba wengi mno wa wale waliozoea heroini vitani waliiacha walipofika kwao. Waliorudia utumwa huo katika mwaka wa kwanza walikuwa kama watano katika kila mia. Tuhuma ilikuwa kubwa kuliko jambo lenyewe. Baadaye, ndege ilipoanguka juu ya meli ya kivita ya Nimitz mwezi Mei 1981 na kuua watu 14, na dalili za bangi zikaonekana katika miili ya baadhi ya marehemu, upimaji jeshini ukawa mkali na wa kudumu. Hivyo kila aliyevaa sare tangu wakati huo amefundishwa kwamba mkojo mbaya maana yake ni adhabu. Akiwa mgonjwa, nani atamwaminisha kwamba safari hii anapimwa kwa faida yake?

Kipimo chenyewe hakisemi mengi kama wanavyodhani wanaokitegemea. Kipimo cha haraka cha afyuni hutafuta hasa mofini na kodeini. Oksikodoni huweza kukipita bila kuonekana, na fentanili haionekani kabisa mpaka itafutwe kwa kipimo chake yenyewe. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa anayemeza oksikodoni yake kwa uaminifu anaweza kuonekana hakuimeza, akashukiwa kuwa anaiuza. Anayetumia haidrokodoni huonyesha haidromofoni mkojoni kwa sababu mwili wenyewe huigeuza. Daktari asiyejua hilo atadhani mgonjwa amenunua dawa ya pili mtaani. Hata mbegu za mpopi zinazonyunyizwa juu ya mikate zimewahi kumtia mtu mashakani. Ipo mashine kubwa ya maabara inayoweza kuondoa shaka hizi kwa kuitambua kila dawa kwa uzito wa chembe zake, lakini majibu yake huchukua siku, na daktari mwenye foleni mlangoni hushawishika kuamua kwa kile kilicho mkononi.

Juu ya bangi mambo yamevurugika zaidi. Majimbo mengi yameiruhusu kwa tiba, lakini Wizara ni chombo cha Serikali ya Shirikisho. Agizo lake la mwaka 2017 lilisema kwamba askari mstaafu hatanyimwa haki zake kwa sababu ya kutumia bangi, ila madaktari wake hawakuruhusiwa kuipendekeza. Na uamuzi wa kuendelea au kutoendelea na dawa za maumivu uliachwa kwa daktari. Kwa maneno mengine, watu wawili wenye jeraha moja na mkojo wa namna moja waliweza kupata hukumu mbili, kwa kutegemea mlango walioingilia.

Wapo wanaosema kwamba ukali huo ni wa lazima, kwa kuwa vidonge huuzwa na mitaa imejaa fentanili. Ni kweli kwamba daktari anayeandika cheti cha dawa hizi bila kupima anacheza na roho ya mtu. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwezi Machi 2020, uliohusu wagonjwa wa Wizara wapatao milioni 1.4, ulikuta kwamba waliosimamishwa dawa za afyuni walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa kuzidiwa na dawa au kwa kujiua, na kadiri mtu alivyozitumia kwa muda mrefu ndivyo hatari ilivyozidi. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kusimamishwa ndiko kulikoua. Huenda baadhi yao walisimamishwa kwa kuwa walikuwa taabani tayari. Hata hivyo unatosha kuonyesha kwamba kumfukuza mgonjwa si tahadhari. Mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilikwisha kuonya mwezi Aprili 2019 dhidi ya kukatisha dawa hizi kwa ghafla, na mwaka 2022 mwongozo wa taifa ukarekebishwa kwa sababu ule wa mwaka 2016 ulikuwa umegeuzwa fimbo.

Kwa hiyo Wizara iupime mkojo, lakini isibadilishe dawa ya mtu kabla ya jibu la mashine ya uhakiki kufika, na kabla ya mgonjwa mwenyewe kuulizwa amekula nini na amemeza nini. Akikutwa kweli amenaswa na ulevi, huo ni ugonjwa wa pili uliozaliwa na tiba ya kwanza, na dawa zake, buprenofini na methadoni, zimo katika hospitali hizo hizo. Apewe siku hiyo, asipewe barua ya kumwondoa. Na anayepunguziwa vidonge apunguziwe kwa miezi, huku mtaalamu wa viungo na wa akili wakiwa karibu naye. Kwa askari anayeishi vijijini Montana, ambako hospitali iko mwendo wa saa nyingi kwa gari, huduma hiyo ya pili ndiyo ambayo bado ni haba kuliko kikombe.