Turbo Haiwi Nzima kwa Sababu Imetoka Japani

Ukiingia Gerezani jijini Dar es Salaam, au Grogan kule Nairobi, ukaulizia turbo ya Subaru Impreza, utaambiwa jambo lilelile: bora mtumba orijino kuliko mpya ya Kichina. Muuzaji anasema hivyo, fundi uliyekwenda naye anaitikia, na mwenye gari naye keshaamini tangu alipotoka nyumbani. Kwa imani hiyo watu wanatoa fedha nyingi kununua turbo, shokapu, breki na hata injini nzima bila kupima chochote. Imani hiyo ni potofu. Inaua injini, na ikifika kwenye breki na tairi inaweza kuua watu.

Imedumu kwa sababu ina chembe ya ukweli. Japani kuna ukaguzi wa lazima uitwao shaken: gari dogo jipya hukaguliwa likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kodi ya uzito hupanda gari likishapita miaka 13. Wenye magari wengi huona heri waachane nalo kuliko kuendelea kulilipia. Ndiyo maana injini na giaboksi nyingi hushushwa bandarini kwetu zikiwa bado na uhai. Hilo silibishi. Ninachokataa ni kuichukua sifa ya gari la familia, lililokuwa likipeleka watoto shule, na kuivisha turbo iliyofunguliwa kwenye gari la kukimbiza.

Vifaa vya kuongeza nguvu vina historia yake. Mtu hanunui Impreza WRX STI ili aiendeshe kwa upole. Turbo yake ikionekana sokoni, mara nyingi ni kwa sababu mwenyewe amefunga kubwa zaidi, au gari limegonga, au turbo yenyewe imeanza kuchoka. Huko Japani muuzaji wa mtumba huandika hali ya kifaa, na kwenye minada ya mtandaoni lipo hata kundi la vitu vya "janku": unanunua ukijua huenda ni vibovu na huna pa kulalamika. Mnunuzi wa Osaka analijua hilo kabla hajatoa yeni moja. Kontena likifunguliwa Dar es Salaam maelezo yale hayapo tena. Kimebaki chuma kilichooshwa kwa petroli na nembo ya kiwanda.

Nembo inakwambia nani alikitengeneza. Haikwambii kimebakiza nini. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, huku upande mmoja ukipigwa na moshi ambao joto lake huweza kufika nyuzi 900 za Sentigredi. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikikatika kidogo tu, bering zinalika. Kama dereva wa kwanza alikuwa na tabia ya kukimbiza gari kisha kuzima injini papo hapo, oili ilikuwa ikiungulia mle ndani na kuacha masizi. Kwa nje huoni kitu. Fundi huizungusha kwa kidole mbele yako na kusema, "Unaona, bosi, laini kabisa." Hicho si kipimo. Shafti husukumwa pembeni na mbele na nyuma kusikiliza uchezaji wake, mapanga yake hukaguliwa kama yamekwaruza nyumba yake, na upande wa hewa huangaliwa kama una oili. Dakika kumi zinatosha, na bado karibu kila siku watu wananunua bila kuzitumia.

Tena kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi. Kwenye baadhi ya injini za Subaru, bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo ina kichujio kidogo ndani yake. Kikiziba, turbo inakufa, na utakayofunga baada yake itakufa vilevile. Mwenye gari atalaumu turbo ya pili, atanunua ya tatu, na kichujio bado kimeziba. Ndivyo ilivyo pia kwa anayefunga turbo kubwa ya STI bila kupanga upya kompyuta ya gari na bila kuangalia kama nozeli zinaweza kuleta petroli ya kutosha. Hewa inazidi, petroli inapungua, pistoni inatoboka.

Najua jibu linalokuja: vya Kichina navyo vinakufa. Vingine ni vibovu kweli. Lakini nani alisema duniani kuna njia mbili tu? Ipo turbo ya mtumba iliyofunguliwa, ikawekewa bering na sili mpya, ikasawazishwa kwenye mashine. Ipo mpya ya IHI au Mitsubishi, walewale waliozitengenezea Subaru, kwa anayeimudu bei. Na hata huo "uorijino" unaoabudiwa hauna uhakika, kwa kuwa rimu za kuiga zinazofanana na Volk TE37 zimefungwa kwenye magari ya huko Japani kwenyewe. Rimu dhaifu ya kuiga ikikutana na shimo la barabara zetu, inapasuka.

Mimi siuchukii mtumba. Kalipa za Brembo kutoka STI ningenunua kesho, nikabadilisha sili zake za mpira. Viti vya Recaro, mikono ya sasipensheni ambayo haijapinda, rejeta ya hewa ya turbo iliyojaribiwa kwa presha: vyote ni biashara nzuri. Injini pia, ikipimwa kompresheni silinda zote kwa betri na stata kabla haijaondoka dukani. Diski ya breki nayo huandikwa unene wa mwisho unaoruhusiwa. Lete kipimo uangalie. Lakini tairi ina tarakimu 4 ubavuni: 3614 maana yake ilitengenezwa wiki ya 36 ya mwaka 2014. Mpira huo umezeeka hata kama kashata zake bado ni ndefu, na anayeufunga kwenye gari lenye nguvu za farasi 300 anawahatarisha hata walio kituoni wakisubiri daladala.

Kinachoniuma zaidi ni kile ambacho imani hii inawafanyia wauzaji waaminifu. Chukua wawili wenye turbo za aina moja. Mmoja ameifungua yake, amelipia bering, na anakwambia wazi kwamba panga moja lina mkwaruzo mdogo. Mwingine ameipulizia rangi na kusema ni orijino ya Japani. Mteja mwenye imani hii anamkimbia wa kwanza kwa kuwa ametaja kasoro na bei yake iko juu. Baada ya muda huyo mwaminifu naye ananunua rangi ya kopo. Hatuwezi kuwatukana wauzaji wote wa Gerezani kuwa ni matapeli wakati sisi wateja ndio tunaomlipa anayeficha na kumwadhibu anayesema kweli.

Halafu tunasoma kwenye risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na tunatii kana kwamba ni amri ya mahakama. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na mtumba haukuachwa nje. Maandishi ya risiti hayafuti uongo uliosemwa kaunta.

Kwa hiyo ukienda kununua, mwombe muuzaji aandike kwenye risiti namba ya kifaa, kasoro anazozijua, alichokipima, na siku ngapi anakudhamini. Uwe tayari kumlipa zaidi anayekubali. Akikataa kuandika, ondoka, hata kama turbo imetoka Japani jana.