Kazi ya Mbali Iwekewe Muda



Wiki iliyopita, baada ya swala ya Isha, walitujia nyumbani watu watatu: mume, mkewe, na mama mzazi wa mume. Mke ni muuguzi. Kwa miaka miwili amekuwa akipata kazi za mkataba wa miezi mitatu mitatu hapa Mombasa, na sasa ameitwa kazi ya kudumu katika hospitali moja ya Kitale. Mume ni seremala mwenye karakana ndogo, riziki yake ni ya leo kwa leo. Wana watoto wawili, na yule mkubwa yumo katika juzuu ya tatu. Barua ya kazi iliwapa siku 14 za kujibu, na saba zilikuwa zimekwisha kupita.

Mume alituuliza, "Sheikh, aende au asiende?" Mke akauliza, "Maalim, nikienda nitakuwa nimekosa?" Bi mkubwa alikaa karibu na mlango, tasbihi mkononi, na hakusema neno.

Tuliwajibu kwamba swali lao lina maswali mengine matatu ndani yake, nayo ndiyo yanayopaswa kujibiwa kwanza: nani anakwenda, nani anabaki, na mpaka lini. Hilo la tatu ndilo watu hulisahau, na ndilo livunjalo nyumba. Tunalisema kwa kuwa sisi wenyewe tulilisahau.

Mwaka 1999 tuliitwa Bungoma kusomesha madrasa. Mwana wetu wa kwanza alikuwa na miezi minane. Tulimwambia mama yake, "Tutaona baada ya miezi michache," nasi tukapanda basi la usiku. Bungoma ilitupokea kwa wema. Uislamu na Kiswahili havikuwa vitu vigeni katika nchi zile, kwani misafara ya watu wa pwani ilifika Mumias, kwa Nabongo Mumia, tangu karne ya 19, na dini ikashika mizizi. Tulikirimiwa kuku kama ilivyo ada ya Waluhya, tukafunzwa kula ugali asubuhi na jioni, na watoto wa madrasa wakatupenda. Fedha tulizotuma nyumbani tulimkabidhi abiria tuliyemwamini, maana M-Pesa haikuja mpaka 2007.

Miezi michache ikawa mwaka, na mwaka ukakaribia kuwa mitatu. Katika muda wote huo tulirudi Mombasa mara nne tu, na kila mara tuliondoka kwa neno lile lile la "tutaona". Mwenzetu hakulalamika hata siku moja, nasi tukakuhesabu kunyamaza kwake kuwa ni ridhaa. Siku moja, katika ziara ya mwisho, tuliketi barazani tukimsikia mtoto akimwuliza mama yake ndani, "Mama, huyu mgeni ataondoka lini?"

Hatukurudi Bungoma tena. Lakini miaka ile haikurudi pia. Baadaye mwenzetu alitwambia jambo ambalo hatukulisoma katika kitabu chochote. Alisema kuwa upweke haukumchosha kama alivyochoshwa na kutojua ahesabu siku ngapi.

Wapenzi wasomaji, dini yetu haikukataza kutafuta riziki katika nchi ya mbali. Mwenyezi Mungu ametusimulia katika Surat Al-Qasas habari za Nabii Musa (a.s.), aliyefika Madyan akiwa mgeni asiye na kitu wala mtu. Mzee wa pale alimtaka amfanyie kazi na amwoze mmoja wa binti zake. Na tazameni namna mkataba ule ulivyofungwa: miaka minane, na akitimiza kumi basi ni kwa hiari yake. Idadi ilitajwa kabla kazi haijaanza, na kila upande ukaijua. Kisha tunaambiwa kuwa alipotimiza muda wake aliondoka pamoja na ahli zake. Hakuwaacha nyuma.

Imepokewa pia kuwa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.), akizunguka usiku katika mji wa Madina, alimsikia mwanamke akilalamikia upweke kwa sababu mumewe yuko jeshini. Alimwendea binti yake, Bibi Hafsa (r.a.), akamwuliza ni muda gani mwanamke huweza kustahimili kutengana na mumewe. Baada ya kumsikiliza, aliamuru askari wasikawizwe kupita muda maalumu. Riwaya nyingine zinasema miezi minne, nyingine zinasema sita. Mtawala wa dola kubwa, mwenye vita vya kuendesha, alikwenda kumwuliza mwanamke kabla ya kupanga, kisha akaweka muda.

Tulipofika hapo tulitambua kuwa katika chumba chetu kulikuwa na mwanamke ambaye hajaulizwa. Tulimgeukia bi mkubwa, tukamwambia, "Nawe mama, wasemaje?"

Akaiweka tasbihi. "Babangu alikuwa baharia wa Lamu," alisema. "Alikwenda Arabuni na upepo wa kusi, akirudi na kaskazi. Mamangu hakumwuliza utarudi lini. Upepo ulikuwa ushamjibu. Hawa wanangu wataka kusafiri bila ya upepo. Miye sikatai aende. Nataka nijue kaskazi yao ni mwezi gani."

Hatukuwa na la kuongeza. Kazi za zamani zilikuwa na majira yake, na anayebaki alijua ahesabu nini. Kazi za leo hazina upepo wa kumrudisha mtu. Mshahara huja mwezi baada ya mwezi, simu hulia kila usiku, na kwa kuwa sauti inasikika na fedha inafika, watu hudhani wako pamoja. Hivyo ni juu ya watu wa nyumba wenyewe kuiweka kaskazi yao.

Lipo jambo la fikihi linalofaa kuzingatiwa hapa. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, msafiri anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukatikiwa na ruhusa za safari. Huswali rakaa zake zote kama mkaazi. Sheria haimruhusu mtu aishi mahali mwaka mzima akijihesabu kuwa bado yu njiani. Wazee wetu nao walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi anayehamia Kitale au Bungoma kwa kazi na awe mkaazi wa huko, pamoja na watu wake. Au na aende kwa muda unaojulikana, kisha arudi. Njia ya tatu, ya mtu ambaye huko ni mgeni na kwao ni mgeni, ndiyo tuliyoipita sisi, na hatumpendelei yeyote.

Mume alikuwa na uzito mwingine moyoni, na ulimchukua muda kuutoa. Aliona haya kumfuata mke anakopata kazi, akaona watu watasema analishwa. Tulimkumbusha kuwa nafaka ya nyumba ni wajibu wa mume, na mshahara wa mke ni mali yake mwenyewe. Hakuna awezaye kumlazimisha autoe. Lakini akitoa kwa ridhaa yake, hiyo ni sadaka yenye daraja. Bibi Zaynab, mke wa Abdullah bin Masud (r.a.), alitaka kujua kama anapata thawabu kwa kumpa mumewe katika mali yake, na Mtume (s.a.w.) akajibu kuwa ana ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka. Mume aliyepokea hakutajwa kwa aibu yoyote. Tulimwambia pia kuwa Trans Nzoia ni nchi ya mahindi na mashamba, na kila penye nyumba na shule hapakosi haja ya milango na madawati. Randa na msumeno husafiri kama sindano ya muuguzi.

Mke naye alitwambia kuwa ameswali istikhara usiku tatu na hakuota kitu, akaogopa kuwa hajajibiwa. Dada zetu wengi wana dhana hiyo. Istikhara ni rakaa mbili na dua, mja akimwomba Mola wake amchagulie lililo na kheri na amwepushie lililo na shari. Haikushurutishwa ndoto. Mtu hushauriana, hupima, huomba, kisha hushika njia. Ikifunguka ni kheri, na ikifungwa ni kheri pia. Na mashauri yenyewe si jambo dogo. Katika Surat Al-Baqara, Mwenyezi Mungu amewataja mume na mke kushauriana na kuridhiana hata katika kumwachisha mtoto ziwa. Ikiwa ziwa la mtoto lina mashauri, itakuwaje kuhama kwa nyumba nzima?

Wakashauriana mbele yetu mpaka karibu saa tano ya usiku. Waliyokubaliana tunayaandika hapa kwa idhini yao, huenda yakamfaa mwengine.

Kwanza, mke atakwenda mwezi wa Mei, na mume atamsindikiza mwenyewe. Atakiona chumba atakacholala, atawasalimu majirani, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, na ataswali katika msikiti wa karibu ili ajuane na watu wake. Hatarudi Mombasa kabla ya hayo.

Pili, hawatatengana kupita miezi minne. Shule zikifungwa Agosti, mume na watoto watakwenda Kitale na kukaa likizo yote. Mume atatumia siku hizo kutafuta mahali pa kufanyia kazi, na kuiona madrasa ambayo mtoto ataendeleza juzuu zake.

Tatu, ikifika Disemba watakaa tena, na bi mkubwa awepo. Ama watahama wote mwezi wa Januari, ama mke ataiacha kazi na kurudi. Neno "tutaona" wameliharamisha baina yao.

Nne, bi mkubwa ndiye aliyejichagulia mahali pa kukaa. Mwanawe alitaka kumchukua Kitale. Yeye akasema baridi ya huko si ya mifupa yake, na akachagua kwenda kwa binti yake Likoni. Lau angekuwa mgonjwa asiye na mwengine wa kumtazama, tungewaambia wabaki, na kubaki kwao kungekuwa ibada. Mtu mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akitaka kutoka kwenda jihadi, naye akamwuliza kama wazazi wake wako hai, aliposema ndiyo, akamwambia jihadi yake iwe katika kuwatumikia.

Kwa wale wanaojiandaa kwa safari kama hii, tunaongeza machache tuliyojifunza huko. Kitale iko yapata mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, karibu na Mlima Elgon, na asubuhi zake si za buibui jepesi. Watoto wanunuliwe sweta kabla ya kuondoka. Ratiba ya swala ya Mombasa isitumike. Kitale na Bungoma ziko magharibi yetu, na jua hutua huko baada ya kutua hapa kwa kiasi cha dakika 20, zikizidi au kupungua kwa majira. Atakayefungua saumu kwa adhana ya redio ya Mombasa atakuwa amekula mchana. Kibla nacho kina tofauti. Hapa Mombasa tunaelekea kaskazini takriban sawasawa; huko hugeukia mashariki kidogo. Na msiwapime watu wa huko kwa Kiswahili chao. Sisi tuliporekebisha maneno ya watu Bungoma walitucheka kwa adabu, nasi ndio tuliokuwa tukila kwao.

Walipoondoka, mwenzetu, aliyekuwa akisikiliza kutoka ndani, alitoka kuondoa vikombe vya kahawa. Tulimwuliza kama tumesema sawa. Akajibu, "Mmesema sawa. Mngeliyajua hayo mwaka ule." Kisha akaenda zake jikoni. Tuliketi pale kitambo, maana neno lake halikuwa na jawabu.

Ewe mume unayesoma haya ukiwa mbali, mtajie mkeo mwezi. Nawe dada unayesubiri, usiogope kuuliza; kuuliza si kukosa subira. Mwenyezi Mungu awape waliotoka kwao riziki ya halali na makaazi mema, awarejeshe salama wenye kurejea, na aziunganishe nyumba zilizogawanyika kwa ajili ya tonge. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.