Difu inayojifunga yenyewe, na deni la anayeitengeneza

Wiki hii naweka kompyuta kando kidogo nizungumzie chuma. Usihame lakini, nitarudi kwenye programu kabla hatujamaliza, maana jambo hili linawagusa wote wanaotengeneza vitu vinavyojiamulia.

Tuanze na swali rahisi. Pikapu ya kawaida imeingiza tairi moja la nyuma kwenye tope. Tairi la pili liko kwenye ardhi kavu kabisa. Dereva anakanyaga mafuta, lile la kwenye tope linazunguka kama pia, na lile la kwenye ardhi kavu limetulia tuli. Kwa nini lisisukume na ndilo lenye mahali pa kushika?

Jibu ni difu. Gari likikata kona, tairi la nje husafiri mbali kuliko la ndani, kwa hiyo lazima yaruhusiwe kuzunguka kwa kasi tofauti. Kazi ya difu ni hiyo ruhusa. Ila ruhusa ina gharama: difu ya kawaida huyapa matairi yote mawili nguvu sawa. Tairi la kwenye tope halihitaji nguvu nyingi kuzunguka, basi na mwenzake hupata kiasi kile kile kidogo. Hakitoshi kusogeza gari.

Na hapa ndipo watu hupoteza pesa. Mtu ananunua 4x4 akiamini magurudumu manne yatamvuta. Kama difu za mbele na nyuma ni za kawaida na hakuna kitu kingine cha kusaidia, tairi moja la mbele na moja la nyuma yakiteleza, umekwama. Udongo mweusi wa Mwea wakati wa mvua hauulizi ulilipa shilingi ngapi.

Sasa twende Marekani. Tangu mwaka 1973, pikapu za General Motors zimekuwa zikipatikana na difu ya nyuma inayojifunga yenyewe, iliyoundwa na kampuni ya Eaton. Wenye Chevrolet Silverado na GMC Sierra huijua kwa msimbo wake wa kiwandani, G80. Haina swichi, haina waya, haina kompyuta. Ni chuma na oili.

Inafanyaje kazi? Ndani yake kuna gavana (si yule wa kaunti), yaani kidhibiti kidogo chenye vyuma viwili vizito ambavyo hutanuka vikizungushwa kwa kasi. Matairi mawili yakipishana kwa kiasi cha mizunguko 100 kwa dakika, vile vyuma hutanuka na kimoja hunaswa na ndoano. Kunaswa huko huzuia sahani moja yenye miinuko. Gia iliyo karibu nayo inapanda ile miinuko, inasukumwa pembeni, na kubana vibamba kama vya klachi mpaka matairi yote mawili yazunguke pamoja kama yamechomelewa kwenye ekseli moja. Haya yote huisha kwa kufumba na kufumbua.

Kuna ulinzi pia. Gari likipita takriban kilomita 32 kwa saa, ile ndoano husogezwa mbali kwa nguvu ya mzunguko, hivyo difu haiwezi kujifunga ukiwa barabarani kwa kasi. Na matairi yakishika ardhi tena na mzigo ukigeuka, inajifungua.

Ukiiandika kama programu ni mistari mitatu. Kama tofauti imefika 100 na mwendo uko chini ya 32, funga. Kama mwendo umezidi 32, usifunge. Mzigo ukigeuka, fungua. Basi. Wapo watu wanaolipwa mishahara minono kuandika kurasa elfu zisizo na akili ya hivyo vyuma viwili.

Hizo 100 tuzipe sura. Tairi la pikapu lina mzingo wa mita 2.4 hivi. Mizunguko 100 kwa dakika ni mita 240 kwa dakika, yaani kama kilomita 14 kwa saa. Kwa hiyo tairi linaloteleza lazima lizunguke kwa mwendo wa baiskeli huku mwenzake amesimama, ndipo difu iamke. Dereva anayegusa mafuta kwa woga, tairi likazunguka polepole, hafiki hapo. Ataapa kwamba gari lake halina kitu kama hicho. Mwingine anakanyaga mpaka chini kwa hasira, tofauti inaruka juu sana, na difu inajifunga kwa kishindo. Wapo waliovunja vyuma kwa njia hiyo, ndiyo maana kule Marekani wengine wameibandika jina la utani Gov-Bomb. Dawa ni kuongeza mafuta taratibu bila kuachia mpaka uisikie imeshika.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Difu hii ina sheria nzuri, lakini haimwambii dereva chochote. Hakuna taa kwenye dashibodi ya kusema nimefunga, wala ya kusema bado nasubiri. Hata fundi anaweza kudanganyika. Akidhani ni LSD ya kawaida, anatia kwenye oili ile dawa ya kulainisha vibamba, na hii haiitaki kabisa, kwani inategemea msuguano kufanya kazi.

Wapenzi wa swichi watasema tatizo ni kuifanya ijiendeshe yenyewe. Mpe dereva kitufe, afunge mwenyewe kabla ya kuingia kwenye tope, kama kwenye baadhi ya Toyota Hilux. Wana hoja ya kweli. Swichi hufunga kabla tairi halijateleza, G80 husubiri liteleze kwanza. Kwenye mlima wenye utelezi, kusubiri huko kunaweza kukushusha ulikotoka. Hata GM wenyewe, kwenye Colorado ZR2 ya mwaka 2017, waliweka difu za swichi mbele na nyuma, kwa sababu gari lile ni la watu wanaofuata njia mbaya kwa makusudi.

Lakini pikapu nyingi za kazi haziendeshwi na watu hao. Zinaendeshwa na dereva wa leo, kesho binamu, keshokutwa kibarua wa shambani. Ukiwapa swichi, mmoja ataisahau akiwa topeni na mwingine ataiacha imefungwa akiwa kwenye lami, matairi yaburuzane kwenye kila kona na ekseli ibebe mzigo wa bure. Kwa gari linalopita mikono mingi, mimi naunga mkono inayojifunga yenyewe. Ila kwa sharti moja: sheria yake iandikwe mahali dereva anapoweza kuisoma. Kibandiko kimoja kwenye kioo cha jua kingetosha. Ongeza mafuta taratibu, subiri ishike, usikanyage ghafla.

Na sisi waandishi wa programu tusijione tumepona. Tunaandika mifumo inayozuia malipo, inayofunga akaunti, inayokataa maombi ya mkopo, na ndani yake kuna nambari kama ile 100 ambayo mtumiaji haijui. Anagusa kwa woga, hakuna kinachotokea. Anabonyeza mara kumi kwa hasira, kinavunjika. Halafu tunamlaumu yeye. Kama huwezi kueleza sheria ya mashine yako kwa sentensi tatu za Kiswahili cha kawaida, bado hujamaliza kazi.

Kwa anayenunua pikapu mwaka huu, usiishie kuuliza kama ni 4x4. Uliza difu ya nyuma ni ya aina gani: ya kawaida, LSD, ya swichi, ya kujifunga yenyewe, au ya kawaida inayosaidiwa na kompyuta ya breki. Kisha uliza inaanza kufanya kazi lini na inaacha lini. Muuzaji akibabaika, mwite fundi wako kabla hujatoa hata shilingi.

Mafundi mlio hapa, nisahihisheni mnapoona inafaa. Na wale wa swichi, leteni utetezi wenu. Uwanja ni wenu.