Mtoto Aliyepasuliwa Njia ya Nyongo



Juma lililopita tulipokea swali la bibi mmoja ambaye mjukuu wake wa miezi miwili amepasuliwa njia ya nyongo. Auliza ni dawa gani itakayomponya upesi, maana mkamwana wake hali wala halali.

Nyongo hutengenezwa na ini, ikateremka kwa mirija hadi utumboni ili kuyeyusha mafuta ya chakula. Wapo watoto wachache ambao mirija hiyo huziba na kusinyaa tangu wiki za mwanzo, na nyongo ikikosa pa kupita huliharibu ini lenyewe. Katika miaka ya 1950, daktari wa Kijapani, Morio Kasai, alibuni upasuaji wa kuiondoa mirija iliyoziba na kuliunganisha ini na kipande cha utumbo wa mtoto mwenyewe. Baada ya hapo hungojewa choo. Kikitoka katika weupe wa chokaa kikawa cha manjano au kijani, nyongo imepata njia. Kwa hivyo kila nepi na itazamwe mchana, penye mwanga.

Ama dawa ya kuharakisha, jawabu letu huenda lisimpendeze bibi. Madaktari wengi walitumainia steroidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha watoto 140, haukuthibitisha kwamba dawa hizo huongeza mtiririko wa nyongo baada ya upasuaji. Mitishamba ndiyo kabisa isikaribishwe, kwani ini hilo limekwisha elemewa.

Yaliyo mikononi mwa jamaa ni mengine, na kubwa lao ni homa. Ile njia mpya inayoshusha nyongo yaweza pia kupandisha vijidudu kutoka utumboni hadi kwenye ini. Mtoto akipata joto, au macho yakirudi kuwa manjano, au choo kikififia, apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane. Asipewe dawa ya homa kisha akangojewa kupambazuke. Kila shambulio la namna hiyo hulipunguzia ini uhai wake, na kuchelewa kwa siku moja kwaweza kuharibu kazi yote ya mpasuaji.

Pili ni chakula. Maziwa ya mama yaendelee. Lakini nyongo ikiwa haba, mafuta ya kawaida hupita bila kumnufaisha mtoto, hivyo daktari huweza kuagiza maziwa au mafuta maalumu yanayofyonzwa pasi na nyongo. Tunajua wenzetu wa mwambao watakumbuka nazi. Mafuta ya nazi yana sehemu ndogo tu ya mafuta ya aina hiyo, hayashiki nafasi ya yale aliyoandika daktari, wala mtoto asitiliwe kinywani. Vitamini A, D, E na K nazo zisikatizwe. Upungufu wa K huzuia damu kuganda, kwa hiyo ikiwa mtoto ni wa kiume na hajatahiriwa, tohara isifanywe kabla ya daktari wake kuulizwa.

Hatufichi kwamba baadhi ya watoto hawa, hata wakitunzwa vyema, baadaye huhitaji kupandikizwa ini.

Kwa wenye vichanga ndani sasa hivi, tuna neno. Upasuaji huu hufaa zaidi ukifanywa kabla ya siku 60, na arobaini hula siku 40 kati ya hizo. Manjano yaliyopita wiki mbili, pamoja na choo cheupe na mkojo mzito wa rangi ya chai kavu, hayatibiwi kwa kuanikwa jua. Mama na atoke, mtoto apimwe damu.

Nawe bibi, usiku wa leo mpokee mkamwana wako mtoto, ukae naye baina ya nyonyo mbili, naye apate kulala.