Kelele za 'Duma' hazina shetani

Kwa Mswahili, duma ni mnyama mwenye mbio. Kwa Mkikuyu wa Kenya neno hilo ni giza, na giza ndilo walilokusudia Martin Khanja na Sam Karugu wa Nairobi walipolipa kundi lao jina hilo mwaka 2019. Albamu yao ya kwanza, yenye jina hilohilo, ilitoka Agosti 2020. Ikipigwa leo kwa sauti kubwa sokoni Kabambare, dakika mbili hazitapita kabla mtu hajasema kwamba hao wameingiwa na pepo.

Hukumu hiyo ni ya haraka mno.

Albamu ilirekodiwa Kampala kwa muda wa miezi mitatu, katika studio za Nyege Nyege, lebo ileile iliyotoa kazi ya Rey Sapienz, mwanamuziki wa mashariki mwa Kongo aliyebaki Uganda baada ya vita kuchacha nyumbani. Karugu aliacha gitaa la besi, akashika gitaa la kawaida na kompyuta. Khanja alileta koo lake. Mpiga ngoma hakuna: ngoma zinatoka kwenye mashine, zinakwenda kasi kuliko mkono wa mtu, na juu yake kuna mngurumo kama wa jenereta inayokaribia kufa. Anayeujua muziki wa metali ataisikia humo ile deth metali iliyokua Florida, Marekani, katika miaka ya 1980 na kufika Mexico, ambako hadi leo kuna bendi zinazojulikana na wachache tu. Asiyeujua atasikia kelele, na ukweli ni kwamba baadhi ya nyimbo zinachosha hata sikio lililozoea.

Lakini kelele si dhambi. Usiku wa matanga, mama aliyefiwa anapopiga yowe hakuna anayemwambia ana shetani. Watu wanajua kuna uchungu usioenea katika maneno. Sauti ya Khanja katika wimbo 'Lionsblood' iko karibu na yowe hilo kuliko na uchawi wowote. Tofauti ni kwamba kwenye matanga kuna majirani wanaomshika mama asianguke, ilhali sauti ya Khanja inamkuta kijana peke yake, simu mkononi, usiku. Hapo wazazi wana haki ya kuuliza anasikiliza nini, hasa kwa kuwa kichwa cha wimbo mmoja kinataja kujiua. Kuuliza ni jambo moja, kulaani ni jingine.

Kinachostahili kuangaliwa zaidi na vijana wa Maniema ni majina yasiyokuwamo katika albamu hiyo. Kila Mkongomani anaijua libanga: mwimbaji anakatisha wimbo wa mapenzi ili kumtaja mfanyabiashara, jenerali au mbunge, naye aliyetajwa anafungua mfuko. Desturi hiyo imewalisha wanamuziki wakubwa wa Kinshasa kwa miaka mingi, na si haki kumlaumu msanii anayetafuta chakula katika nchi ambayo kuuza muziki hakulipi. Ila ina gharama yake. Aliyelipwa kutaja jina hawezi kesho kuimba juu ya mambo ambayo mwenye jina hayapendi.

Na Kabambare ina mambo mengi ya kuimbwa. Kuna dhahabu ya Namoya, na kuna Salamabila, ambako watu wamekimbia mara kwa mara mapigano kati ya jeshi na Mai-Mai Malaika. Kuna vijana wanaochimba kwa mikono pembeni ya mgodi wa kampuni. Nani ataimba hayo, ikiwa kipaza sauti kinakodiwa na mgombea na kinarudi ghalani baada ya uchaguzi?

Wakubwa nao huwa wanakosea wanapochagua cha kuogopa. Septemba 2018, waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitaka kuzuia tamasha la Nyege Nyege kule Jinja kwa hoja ya uasherati. Zuio liliondolewa na tamasha likafanyika. Kinshasa, Novemba 2021, tume ya kudhibiti nyimbo ilipiga marufuku 'Nini Tosali Te' ya kundi la MPR, kisha ikalegeza haraka baada ya watu kulalamika. MPR hawakupiga mayowe wala kujiita giza. Waliuliza, kwa Lingala inayoeleweka na kila mtu, kwa nini nchi iko hivi ilivyo. Ni wazi kilichotisha hakikuwa sauti.

Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, hakusubiri mfadhili. Mwaka 2024 alitoa albamu yake binafsi, 'The Adept', kupitia lebo aliyoianzisha mwenyewe, Haekalu. Hakuna anayewaomba vijana wa Kabambare waanze kupiga metali. Wana ngoma zao, wana Kibangubangu na Kiswahili chao. Redio za jamii za Kasongo na Kabambare ndizo zinazoweza kufanya kitu, tena kwa gharama ndogo: saa moja kila juma kwa kijana yeyote mwenye wimbo aliourekodi hata kwa simu, aupeleke bila kulipa franga moja, kwa sharti kwamba ndani yake hakuna jina la mkubwa.