Mgeni Asiye na Gari Mjini Phoenix

Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini Phoenix, kusini-magharibi ya Marekani, ni mji uliojengewa wenye magari. Aendaye kwa miguu hudhaniwa kapotea njia.

Tusilaumu tu. Tangu Desemba 2008 ipo treni ya umeme ipitayo barabarani. Mgeni akitua uwanja wa ndege hupanda treni ndogo ya bure mpaka stesheni. Hapo, akielekea magharibi atafika katikati ya mji. Mashariki atafika Tempe, penye msikiti uliojengwa 1984 kwa mfano wa Kuba ya Mwamba ya Baitul Mukaddas.

Taabu huanza akiiacha reli. Mabasi yapo, ila vituo vingine havina hata paa. Na katika kiangazi cha 2023 joto lilipita digrii 43 kwa siku 31 mfululizo. Mwaka huo, katika wilaya ya Maricopa ulimo mji huu, joto liliua watu 645, wengi wao wakipatwa nje.

Naam, mgeni atarudi kwao. Mpishi na mfagiaji wasio na gari watangoja pale pale kesho. Basi ukarimu wa mji tusiupime kwa upana wa barabara zake. Tuupime kwa kivuli cha anayengoja basi.