Kompyuta ya ofisi ya AMCOS isilazwe usiku

Makatibu wengi wa AMCOS wana mazoea ya kubonyeza Sleep jioni na kwenda zao. Kwa kompyuta ya mezani, mimi napinga. Ikilala, kazi ambayo hukuihifadhi inabaki kwenye RAM, na RAM bila umeme haishiki kitu. Laptopu ina betri, hii haina. Umeme ukikatika saa nane usiku, orodha ya malipo uliyoiandika mchana inaweza kupotea yote, na kesho wakulima wako mlangoni wanadai fedha zao.

Hifadhi kazi, kisha uizime, au tumia Hibernate, ambayo huandika kila kitu kwenye diski. Kwenye Windows mara nyingi imefichwa: fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h on, halafu iweke kwenye menyu ya kuzima kupitia Power Options.

Na ile inayoamka yenyewe usiku? Si mashetani. Andika powercfg /lastwake uone kilichoiamsha. Mara nyingi ni kipanya au kadi ya mtandao, na vyote huzuiwa kwenye Device Manager. Kabla hujaangalia hapo, usimlipe fundi akubadilishie pawasaplai.